Kikombe Kisichoonjwa

Kazi yangu ni kukagua mizigo mpakani, upande wa Rwanda, pale darajani ambapo mto tu ndio unaotutenganisha na Bukavu. Mtu akiniambia gunia lake lina maharagwe, mimi huingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Wenzangu husema nilizaliwa na kazi hii. Hawajakosea sana, maana kabla sijajua kusoma vizuri, mama yangu alikuwa ameshanifundisha kwamba mtu mwenye akili hapokei kikombe mpaka mwenye nyumba ameonja kwanza mbele ya macho yake.

Ndiyo desturi yetu, huku na ng'ambo. Ukinikaribisha kwako ukanimiminia kinywaji, wewe unakunywa funda moja nikikuona, kisha unanipa. Unakuwa umesema hakuna kitu humu, na kikiwemo utajibu wewe. Watu wengi hufanya hivyo kwa adabu tu, jinsi wanavyopangusa kiti kabla mgeni hajakaa. Kwetu nyumbani ilikoma kuwa adabu tu. Baba alikufa tukingali tunaishi Bukavu, mimi nikiwa sekondari, baada ya kunywa mutobe, yale maji matamu ya ndizi, kwenye sherehe ya komunyo kwa jirani. Alirudi akilalamika tumbo. Akakonda, macho yakawa ya njano, na kabla ya Noeli tukamzika. Mwanamke yule jirani alikuwa amempa kikombe bila kuonja, kwa sababu wageni walikuwa wengi na mikono yake ilikuwa imejaa. Mama aliona. Siku ya mazishi alimnyooshea kidole mbele ya watu wote akasema: huyu hakuonja. Hakuhitaji kuongeza neno. Bukavu nzima inaijua karuho, sumu ya polepole, ingawa sijakutana na mtu aliyewahi kuniambia ina rangi gani.

Baadaye tulirudi Rwanda, tukajenga Kamembe. Miaka ikapita, na jirani yule naye, Bukavu imeshamfukuza, akarudi, akaenda kukaa kwa ndugu zake Nkungu. Fununu ilivuka daraja pamoja naye, na hakuna aliyeiomba kitambulisho. Huko Nkungu watu walinunua ndizi zake zikiwa mbichi tu. Zikishakamuliwa kuwa mutobe, hakuna aliyezitaka.

Mama yangu alizeeka na termosi. Sijui niseme vipi ili mtu aone jambo hili lilivyokuwa. Arusini, ubatizoni, matangani, kila mahali alikwenda na kikapu, na ndani ya kikapu mna termosi ya chai aliyoichemsha mwenyewe. Watu walipogawiwa vinywaji, yeye alifungua kifuniko chake, akamimina, akanywa polepole akitazama pembeni. Kwanza watu walimcheka. Kisha wakakasirika, maana kila kikombe alichokikataa kilikuwa ni tusi kwa mwenye nyumba. Mwishowe wakaacha kumwalika. Hata chai ya mkononi mwangu, binti yake wa kumzaa, alingoja niionje. Nami nilionja, asubuhi na jioni, na sikuona ajabu yoyote. Nilimwelewa mama. Mimi na yeye tulikuwa watu wawili ndani ya nyumba moja, tukiwa tumewafungia mlango wengine wote.

Basi ndipo akatokea yule mtu wa Gashonga.

Nilianza kusikia sauti yake kabla ya kumwona. Wafanyabiashara wa Bukavu walikuwa wakiisikiliza kwenye simu wakiwa foleni, sauti nzito ya taratibu, inayosema sentensi moja halafu inanyamaza mpaka unadhani simu imezimika. Niliuliza ni mchungaji wa kanisa gani. Wakasema hana kanisa. Nikauliza ni mganga. Wakasema hatoi dawa. Alikuwa fundi wa magari zamani, wakasema, akitengeneza malori Bugarama, na sasa anakaa tu kiwanjani kwake Gashonga, na watu wanamwendea. Wote walimwita Papa, hata wazee waliomzidi umri.

Haombi sadaka, wakaniambia, wakidhani hilo litanituliza. Ndilo lililonitia shaka zaidi. Mtu anayetaka pesa zako nimemzoea, namwona kila siku, najua mfuko ambamo ataziweka. Lakini mtu asiyetaka pesa anataka kitu gani?

Mama alikwenda huko kwa kumsindikiza rafiki yake wa kanisani, rafiki pekee aliyembakia. Alikaa nyuma kabisa na kikapu chake. Aliporudi tulikula kwanza. Halafu akanisimulia. Yule Papa alikuwa amepita katikati ya watu, akasimama mbele yake, akaashiria termosi. Mama akammiminia kwenye kifuniko, na kwa mazoea akakiinua ili aonje kwanza. Yule mtu akakichukua kabla hakijafika mdomoni mwake, akakinywa chote.

"Hakungojea," mama akaniambia. "Miaka yote hii, hakuna muntu alikunywa kwangu bila kungojea."

Kisha akalia. Sikuwa nimemwona mama akilia tangu tulipomzika baba, na sitaficha kwamba nilichukia. Nilimchukia mtu nisiyemjua, aliyeweza kufanya kwa kifuniko kimoja cha chai kitu ambacho mimi sikukiweza kwa maisha yangu yote.

Tangu siku hiyo mama hakukosa Gashonga hata wiki moja. Nami nikaanza ukaguzi wangu.

Niliuliza kila aliyevuka daraja akitokea upande wa Bugarama. Kibarua mmoja wa kiwanda cha saruji aliniambia kwamba yule fundi aliona nuru katika shamba la mpunga, akabaki amesimama ndani ya maji mpaka wakaja kumtoa. Mwingine akasema nuru gani, alikuwa mlevi tu, na walevi wote huona nuru. Mama mmoja wa kuuza vitenge aliapa kwamba yule mtu ana mke Uvira aliyemtelekeza. Mkulima wa mpunga, Mwislamu mwenye ndevu nyeupe, akasema yeye hajali nuru wala mke. Anakwenda Gashonga kwa sababu ndiyo mahali pekee alipokaa na Wakristo bila mtu kujaribu kumgeuza. Niliyasikiliza yote, sikuliamini hata moja. Watu wakimpenda mtu humwongezea, na wakimchukia humwongezea vilevile.

Mwisho nikaamua kwenda mwenyewe. Nilichukua pikipiki asubuhi ya siku ambayo sikuwa kazini, na kwenye begi langu nilibeba chupa ya chai. Ndani ya chai hiyo nilikuwa nimetia chumvi, si kidogo, konzi nzima. Nilitaka kuona uso wake. Mtu anayejifanya hunaswa kwenye uso kabla ya kuwahi kuutengeneza, hilo kazi yangu imenifundisha.

Kiwanja chenyewe kilikuwa cha kawaida mno. Muhogo ulikuwa umeanikwa kwenye turubai, migomba nyuma ya nyumba, gurudumu kuukuu la lori likiwa limelazwa chini, na mtu amekaa juu yake. Mfupi, tumbo kidogo, shati la mikono mifupi, kucha bado zina weusi wa oili usiotoka. Watu walikuwa wamekaa wawili wawili kwenye viti na madumu, wakitazamana kama wagonjwa wanaongoja daktari. Kila mtu alikuwa ameleta kinywaji chake. Waliambiwa wabadilishane na wasiyemjua, wanywe bila kuonjewa, halafu wanyamaze. Hayo ndiyo mafundisho yote. Mara mojamoja yule mtu alisema neno, na neno nililolisikia mara nyingi zaidi lilikuwa hili: "Mungu anakunywaka ku mikono yetu kila siku, na haombake muntu aonje." Kisha kimya tena, kuku wakikwaruza muhogo.

Niliposimama mbele yake na chupa yangu alinitazama kidogo tu. Akaipokea. Akanywa. Nilikuwa nimeukazia macho uso wake kama ninavyowakazia wale wanaosema hawana kitu cha kutangaza. Hakukunja hata nyusi. Alikunywa mpaka chini, akafuta mdomo kwa kiganja, akanirudishia chupa.

"Maman," akasema, "weye unapikaka na hasira."

Watu waliokuwa karibu wakacheka, nami nikajikuta nimecheka, jambo lililonikasirisha baadaye njiani. Lakini sikuwa nimekwenda kuchekeshwa. Nilikaa chini, nikamuuliza siku moja mtu akiweka kitu kweli itakuwaje. Akasema siku hiyo atakufa, na hilo si jambo jipya duniani. Nikamuuliza nani alimfundisha haya. Akakwaruza weusi wa oili kwenye kucha, nikajua sasa anatunga.

"Niligonjwa," akasema. "Nikavimba mwili yote. Batu bakaniuliza ni nani amekuroga, nikanyosha kidole ku muke wa kaka yangu. Bakamufukuza na batoto. Kisha munganga wa hospitali akasema ni figo tu."

Nikamuuliza yule shemeji yuko wapi sasa. Akasema alifia njiani, wala hakujua ni njia ipi. Tangu hapo, akasema, amekuwa akitembelea nyumba za watu walionyooshewa kidole, anaomba maji, anakunywa. Hana kingine anachojua.

Nilirudi Kamembe nikiwa nimemwamini nusu. Ile nusu nyingine iliuliza swali lake: mbona habari hii inafanana sana na ya mama yangu? Pengine mama alishamweleza ya kwetu, naye akaikata akaishona imkae yeye. Mtu hodari hakuibii pesa, anakuibia kidonda chako na kukurudishia kama chake, nawe unamshukuru. Nilimuuliza mama kama amewahi kumsimulia habari za baba. Akasema hakumbuki. Jibu hilo sikulipenda, na mpaka leo sijui ukweli wake.

Haukupita muda mrefu mama akasema anakwenda Nkungu.

Hakutaja jina la mtu, na hakukuwa na haja. Nikamwambia wazi kwamba amerogwa na yule fundi wake, kwamba mtu amemtuma akanywe kwa mwanamke aliyemuua baba, na kwamba mimi siwezi kuzika watu wawili kwa mutobe ule ule. Niliongea kwa sauti ambayo binti hatakiwi kumtolea mama yake. Yeye alikuwa akikunja kitenge chake.

"Papa hakunituma," akasema. "Nimejituma."

Kwa hiyo nikaenda naye. Ningefanya nini? Tulichukua pikipiki mbili, yeye mbele, mimi nyuma nikiukodolea macho mgongo wake milima yote ile. Alikuwa ameweka kikapu mapajani, na nilipoona termosi imo ndani nilipata moyo kidogo.

Nilikuwa nimeweka kichwani picha ya mwanamke mnene mwenye mikono iliyojaa, kama alivyokuwa siku ya komunyo. Aliyetufungulia mlango alikuwa kikongwe mwembamba, amefunga kichwa kwa kitambaa cheusi. Alimtambua mama mara moja. Alirudi nyuma, akatupa njia, nasi tukaingia ndani. Nyumba ilikuwa safi kupita kiasi, safi ya mahali ambapo hapaingii mtu. Kabatini vikombe vilikuwa vimepangwa, vinang'aa, na nikafikiri, huyu anavipangusa kwa ajili ya nani?

Alileta mutobe kwenye jagi. Akamimina kikombe kimoja. Kisha akafanya kile ambacho hakukifanya siku ile Bukavu: alikiinua kikombe ili aonje, akitutazama sote wawili, kwa haraka, kama mtu aliyerudia kitendo hicho peke yake mara nyingi sana. Mama akanyoosha mkono. "Leta tu," akasema. Na kikongwe, hajui afanye nini, akakishusha na kumpa.

Kikombe kilikuwa hewani kati yao nilipokinyakua. Sikufikiri. Nilikunywa funda kubwa, nikasimama nalo kinywani nikilitafuta lile jambo, uchungu, ukali, chochote. Kulikuwa na utamu wa ndizi, na moshi kidogo.

Kikongwe alinitazama, na kwa mara ya kwanza kitu kama kicheko kikapita usoni pake.

"Kumbe leo weye ndiye mwenye nyumba," akasema. "Basi, karibisha mama yako."

Akaenda kukaa kwenye benchi la wageni, akaweka mikono juu ya magoti. Hapo ndipo nilipofahamu nilichokifanya. Anayeonja ndiye mwenye kinywaji. Anayeonja ndiye atakayejibu. Nilikuwa nimetaka kumkinga mama, na badala yake nimeudhamini mutobe wa mwanamke yule kwa mdomo wangu mwenyewe, katika nyumba yake, mbele ya shahidi ambaye ni mama yangu. Sikuwa na la kufanya ila kumpa mama kikombe. Akakinywa kutoka mkononi mwangu, taratibu, mpaka chini. Nikammiminia na kikongwe pia, maana mwenyeji hamwachi mgeni hivi hivi.

Hawakumtaja baba. Waliongea juu ya migomba iliyoshikwa na ugonjwa, juu ya magoti, juu ya kanisa la Bukavu walimoimba wote wawili wakiwa wasichana. Tulipoondoka mama alisema atarudi. Nilimkagua macho wiki nzima, nikiangalia kama yanageuka njano. Hayakugeuka.

Habari ilisambaa, na si kwa namna niliyoitaka. Watu wa Nkungu walisema hata binti wa marehemu ameonja kule. Watatu wanne wakaanza kupita kwa kikongwe kunywa. Mtu wa kwanza aliyenisifu mpakani nilimtolea mizigo yote nje, moja moja, mpaka akajuta. Yule fundi naye alianza kwenda Nkungu mara kwa mara, anapumzika kwenye benchi lile, anakunywa, anaondoka.

Halafu yule fundi akafa.

Alianguka kiwanjani kwake asubuhi, karibu na gurudumu lake, na alipofikishwa hospitali alikuwa ameshakata roho. Jamaa zake walisema daktari amewaambia ni moyo, ulikuwa umechoka siku nyingi. Mimi niliikubali habari hiyo, kwa kuwa nilimwona mtu yule anavyohema akisimama. Lakini kabla ya jua kutua nilikuwa nimeshaisikia habari nyingine, na niliisikia kutoka kwa wafuasi wake wenyewe: siku chache kabla alikunywa Nkungu.

Nilikwenda matangani na mama. Turubai lile la muhogo lilikuwa limefungwa juu ya nguzo kuwa hema, watu wamejaa kwenye mabenchi mpaka migombani, Wakristo, Waislamu wa Bugarama, wafanyabiashara wa ng'ambo. Nilikuwa nimekaa kiwanja kile mara moja tu, na siku ile walikuwa wakipokezana vikombe na watu wasiowajua. Sasa nikaona kila mtu amekuja na chupa yake. Chupa za maji, termosi, vijagi vyenye vifuniko. Wamezishika mapajani kwa mikono miwili.

Ningepaswa kufurahi. Miaka yote nilikuwa peke yangu na shaka yangu, na leo kiwanja kizima kimekuja upande wangu. Badala yake niliona aibu. Nilitazama vidole vile vimebana vifuniko, nikaona jinsi tulivyokuwa tukionekana, mimi na mama, arusi baada ya arusi. Sikujua kama tunatisha namna ile.

Kikongwe wa Nkungu alifika adhuhuri, kwa miguu kutoka barabarani, dumu la mutobe kichwani. Kwetu mtu haendi matangani mikono mitupu. Alilishusha katikati ya hema, akatoa vikombe kwenye mfuko, akaanza kumimina. Hakuna aliyesogea. Kikombe cha kwanza alichokinyoosha kilibaki hewani, na yule aliyenyooshewa, mwanamume aliyekuwa mkono wa kuume wa marehemu, akafunika mdomo wa chupa yake kwa kiganja kana kwamba mutobe utamrukia. Kisha akanigeukia mimi.

"Maman," akasema, "weye ulionjaka kwake. Tuambie: ni muzuri?"

Watu wote wakanitazama. Nilijua wanachotaka. Nikisema ni mzuri, nitakuwa nimejibu kwa ajili yake, na wakipenda watanishika mimi pamoja naye. Nikisema si mzuri, sijui wangemfanya nini yule mwanamke, ila yeye mwenyewe alijua, kwa maana alishafukuzwa na mji mmoja kwa neno moja. Alikuwa amesimama na kikombe chake, ananingoja.

"Nilionja ile siku," nikasema. "Ile siku ingine sijue."

Ndiyo kweli yote niliyokuwa nayo. Nilisikia minong'ono inapita kwenye mabenchi. Kikongwe alishusha macho. Akafanya kilichobaki, akaanza kukiinua kikombe kinywani mwake ili aonje mbele yao, mutobe ukimwagika kwenye vidole.

"Usionje," mama akasema.

Alikuwa amesimama. Alifungua termosi yake, akaigeuza, na chai yote ikamwagika chini, inafuka, ikaingia udongoni mbele ya viatu vya watu. Kisha akakishika kile kifuniko, kile ambacho kwa miaka yote hakikuguswa na kinywaji cha mtu, akakinyoosha kwa kikongwe. Mimi tayari nilikuwa nimenyoosha mkono wangu kukiwahi, kama nilivyofanya Nkungu, kama nilivyofanya kila asubuhi na kila jioni tangu nikiwa msichana.

"Na weye," akaniambia bila kunigeukia, "usinionjee."

Niliurudisha mkono. Niliogopa. Naandika hivi bila kuona haya: niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya kufa kwa baba, kwa sababu siku ile sikujua kinachokuja. Nilimwona kikongwe akimimina. Nilimwona mama akiinua kifuniko, na nikatazama koo lake likipanda na kushuka, mara ya kwanza maishani mwangu kumwona akinywa kinywaji cha mtu mwingine ambacho hakuna mdomo uliokitangulia. Alikunywa mpaka chini. Akapangusa kifuniko kwa ncha ya kitenge na kukirudisha kwenye termosi.

"Nilikunyoshea kidole mbele ya batu," akamwambia, kwa sauti ambayo hema zima lilisikia. "Nakunywa mbele ya batu."

Kikongwe alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama, juu ya udongo uliolowa chai, akafunika uso.

Sitasema kwamba watu wote waliinuka wakaja kunywa. Yule mkulima wa Bugarama mwenye ndevu alikuja. Rafiki wa mama alikuja. Wengine waliendelea kushika chupa zao mpaka maziko yakaisha, na yule mkono wa kuume wa marehemu sasa ana kiwanja chake mwenyewe, na sauti yake nayo iko kwenye simu. Kuhusu marehemu sina uhakika mpaka leo. Pengine alikuwa mtu wa Mungu, pengine alikuwa fundi mwenye dhambi moja iliyomzidi nguvu, na pengine dhambi yenyewe aliiazima kwetu. Nimeacha kuwauliza watu darajani.

Mama yu hai. Anakunywa kwa kila mtu, mpaka nachoka naye, na tumbo likimuuma kidogo mimi ndiye ninayekosa usingizi. Siku nyingine baada ya kanisa ananivuta twende Nkungu. Kikongwe analeta jagi, anamimina vikombe vitatu, na changu anakishika kidogo kabla ya kunipa, akinitazama, anangoja nimwambie aonje. Simwambii. Nakunywa, na kila mara moyo unanienda mbio mpaka kikombe kimekwisha.